Nilivyokwenda Mwanza kwa Njia ya Ujiji

Leo nimeadhirika, ndugu zangu, na nimeadhirika kwa utaratibu. Nawaandikia kutoka stesheni ya Mabama, mahali ambapo sikuwa na shughuli yoyote.

Mnajua kwamba wasomaji wa barua zangu hizi walioko Mwanza walinialika niwazungumzie kesho habari za mji wao: historia, uchumi na mandhari. Mnajua pia kwamba sijawahi kufika Mwanza. (Mimi ni seremala wa Kitete, Tabora; ziwa nimeliona kwenye ramani.) Bwana Masanja wa huko alipinga: "Mtu asiyejua hata njia ya kuja atatufundisha nini?" Nilimjibu kwa barua ya kurasa nne. Basi leo heshima yangu yote ilikuwa ndani ya tiketi moja.

Saa mbili asubuhi nilikuwa stesheni ya Tabora. Pale gari la moshi kutoka Dar es Salaam hukatwa: mabehewa mengine huenda Mwanza, mengine Kigoma. Mchukuzi akaniuliza, "Fundi, unakwenda wapi nikuonyeshe behewa?"

"Asante, utaratibu ninao." Nikamwonyesha daftari: mabehewa ya mbele, Mwanza. (Niliandika hayo miaka miwili iliyopita. Hilo sikumwambia.)

Nikaketi mkabala na bibi mmoja mwenye kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Gari likaondoka. Nikaona nifanyie mazoezi hotuba yangu. Nikamweleza boma la Mjerumani, pamba ya Usukuma inavyochambuliwa na kufungwa marobota, meli za Bukoba na Kisumu, mawe yaliyobebana majini kama magunia ghalani. Alisikiliza vizuri mno. Kila nilipotua alisema, "Ehee!"

Jua tu ndilo lililonitatiza. Ukienda kaskazini asubuhi, jua huwa kulia. Hili lilikuwa nyuma yetu. Nikaandika daftarini: "Reli ina kona kubwa hapa. Ramani imekosea." (Ramani!)

Bibi akauliza, "Na kwetu Ujiji, pale jirani na Kigoma, umefika?"

"Bado. Nitafika siku moja."

Akanitazama kwa huruma. "Siku yenyewe si ndiyo leo, mwanangu?"

Kabla sijajibu, mkagua tiketi akafika.

"Fundi, tiketi hii ni ya Mwanza."

"Ndiyo. Nakwenda Mwanza."

"Wewe unakwenda. Gari haliendi."

Behewa zima likaangua kicheko! Hata aliyekuwa amelala aliamshwa aelezwe.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unanisimulia ulikotoka. Tena ulikuwa umenoga, nikaona haya kukukatiza."

Nikashushwa Mabama na sanduku langu. (Huku ndiko misafara ya zamani ilikopita kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda kwa miguu, pembe za ndovu begani, wasipotee. Mimi nimepotea nimekaa.)

Gari jingine la Mwanza kutoka Tabora ni keshokutwa. Nikamwomba msimamizi wa stesheni apeleke simu ya upepo kwa wenyeji wangu: nimechelewa kwa sababu za njia. Sikufafanua. Yeye, kwa wema wake, akafafanua.

Jibu limefika sasa hivi, na amelisoma kwa sauti mbele ya abiria wote: "Mkutano umesogezwa. Mada imebadilishwa. Mgeni ataeleza njia aliyojia. Masanja."

Nawaomba msicheke. Mwanza wameshacheka kwa niaba yenu.