Kijiti cha Kitambaa Chekundu

Jumatatu, 5 Februari 1979
Pancras anaota meno. Mimi sijalala siku tatu. Lakini leo, habari! Nafasi ya mafunzo ya ualimu. Moja tu kwa kijiji kizima cha Keza. Ofisa elimu amesema mtihani wa darasa la saba una alama sitini, kazi ya shamba la kijiji thelathini, tabia kumi. Tumebaki wawili, mimi na Verediana, na kwenye mtihani amenizidi nne. Nne tu! Emilian wangu yuko vitani, barua ya mwisho ilikuja Desemba. Mwanangu lazima awe na mzazi mmoja mwenye kazi. Nafasi hiyo naichukua.

Jumanne, 6 Februari
Nimeanza na tabia. Mzee Gozbert, balozi wetu wa nyumba kumi, ndiye mtoa alama. Nimempa shikamoo nne kabla ya saa nne. Ya nne hakuitikia, akauliza kama nina homa. Verediana amempelekea mkungu wa ndizi. Mjanja yule! Jioni nasikia tabia sote tumepewa kumi. Shikamoo zangu bure.

Jumatano, 7 Februari
Kura ya ngwe za kulima kesho shamba la kijiji. Yangu penye mawe. Ya Verediana laini kama ndizi iliyoiva. Kila ngwe ina kijiti: changu kitambaa chekundu, chake cheusi. Jioni nimekwenda kuokota kuni, nikapitia shambani. Vijiti vimebadilishana mahali. Sijui vilitembeaje.

Alhamisi, 8 Februari
Mungu wangu! Asubuhi chekundu kiko penye mawe tena! Watu wamejaa, nitakigusaje? Nimelima, Pancras mgongoni, jembe linatoa cheche. Verediana amemaliza saa tatu, akakaa kivulini, akaniuliza eti dada, unalima au unachimba kisima? Pancras amemjibu kwa kilio. Nimemaliza saa kumi. Viganja vimechubuka. Sijaacha hata shubiri.

Jumamosi, 10 Februari
Mzee Gozbert ameniita pembeni. Kumbe ni yeye! Alinihurumia na mtoto, akaenda alfajiri kubadilisha vijiti nipate penye udongo laini. Sasa anadhani macho yake yamezeeka, yalimdanganya gizani. Ameniomba radhi, mtu mzima yule! Nusura niseme ukweli. Nusura. Kazi amenipa thelathini kamili. Verediana ishirini, kwa kukaa kivulini bila kumsaidia jirani. Mwalimu, amesema mzee, ni yule asiyekimbia mawe. Nafasi yangu! Nimelia. Pancras pia, ila yeye ni meno.

Jumatatu, 12 Februari
Nafunga mzigo wa Kanazi, kwenye mafunzo. Daftari, jembe, vitambaa vya mtoto, barua ya Emilian. Mama mkwe amesema sasa nimeona, bidii haimtupi mtu. Nimeitikia ndiyo, mama. Bidii gani? Nisingehamisha kijiti ningelima penye udongo laini, na nani angenipa thelathini? Nasikia huko nako kuna shamba. Chekundu nimekiviringisha ndani ya vitambaa vya Pancras. Na cheusi pia, kwa tahadhari.