Wakala Wangu na Vidole Vitatu

Jumatatu, 4 Mei

Matroni wa kliniki ya wazazi anataka makochi ishirini ya ukumbi wa kusubiri. Ishirini! Ijumaa atachagua fundi: mimi au Kipara wa ng'ambo ya barabara. Na mwanangu kaniambia, kwa adabu zote, huku akiangalia viatu vyake, kwamba kazi ikienda kwa Kipara, naye ataifuata. Kipara keshamwahidi meza na mashine. Mwanangu! Niliyemfundisha kushika mkasi kabla hajajua kushika kijiko. (Chumvi kidogo. Alikuwa na miaka kumi na minane.)

Kipara mwenyewe hana ufundi. Kochi lake ukilikalia, mbao zinakusalimia. Ana kitu kimoja tu: Wakala. Ni akili bandia inayojibu wateja kwenye simu, yeye kalala anakoroma. Mke wa mwanangu ndiye anayeelewa mambo hayo, akanionyesha. Muulize huyo Wakala kwenye ukurasa wa picha, kwenye ujumbe, kwenye tovuti: sura ile ile, kijani kile kile, salamu ile ile. Kama muhuri! Mkwe anasema wateja wanapenda hivyo, wanajua wanaongea na nani.

Nikasema na mimi nataka. Akasema ni rahisi, baba, tuandike ukurasa mmoja: wewe ni nani, unaongeaje, sura yako, rangi ya duka. Ukurasa huo huo apewe Wakala kila mahali.

Ukurasa mmoja! Mimi! Hautoshi hata utoto wangu. Nimeamua: kila mahali na ukurasa wake. Kipara atajuta kuzaliwa mtaa huu.

Jumanne, 5 Mei

Siku nzima nasimulia maisha yangu, mkwe anaandika. Mkono unamuuma, mimi mdomo haujachoka.

Asubuhi, ukurasa wa picha. Nikaeleza nilivyopigana na chui miaka thelathini iliyopita nikitafuta mbao msituni. Ukweli, na uishie humu ndani: nimepungukiwa ncha tu ya kidole kidogo, ilibanwa na kiti cha kukunja. Fundi wa makochi kuumizwa na kiti cha kukunja! Afadhali chui. Lakini chui gani ataridhika na ncha ya kidole kidogo? Nikampa dole gumba zima.

Baada ya chai, ujumbe. Hapo nikasimulia kidole cha shahada kilivyoshonewa ndani ya kochi la mfalme mmoja, na mfalme akagoma kulifumua maana lilikuwa tamu kukalia.

Mchana, tovuti. Nilivyosimamisha treni kwa kidole kidogo, kikabaki relini.

Kila hadithi mkwe alinyanyua macho, akautazama mkono wangu, akainamisha kichwa. Sawa, baba. Binti ana heshima huyu! Nadhani aliguswa.

Sura nazo tatu. Kwenye picha, nywele nyeusi tii, hakuna mvi hata moja. Kwenye ujumbe, miwani ya msomi. Kwenye tovuti, koti jeupe kama daktari, kwa kuwa mteja ni kliniki. Rangi: bluu, nyekundu, zambarau. Kipara anayo moja tu, maskini.

Jumatano, 6 Mei

Wakala kaanza kazi. Matroni kauliza sehemu zote tatu. Watu wa kliniki ndivyo walivyo, wanahakikisha mara tatu kabla ya kumchoma mtu sindano. Swali moja: makochi ishirini yatachukua muda gani?

Yule wa bluu akajibu wiki tatu, akatia na chui. Yule wa nyekundu akajibu wiki mbili, akamwita malkia. Yule wa koti jeupe akajibu siku sita, akamshauri apunguze chumvi.

Saa saba Matroni akapiga simu. Akauliza dukani kuna mafundi wazee wangapi. Nikasema mmoja. Akauliza huyo mmoja kabakiwa na vidole vingapi. Nikacheka. Hakucheka. Akasema gumba kaliwa, shahada imeshonewa, kidogo kiko chini ya treni, na mtu wa namna hiyo hashoni hata foronya. Ijumaa saa nne anakuja kuiona mikono kwa macho yake.

Simu ikakatika. Ng'ambo, Kipara anafagia mlango wake kwa mluzi.

Jumamosi ijayo mwanangu atakuwa anafagia pale pale.

Alhamisi, 7 Mei

Mkwe kaja na chai. Kaizunguka meza mara mbili ndipo akasema. Kwamba labda, baba akipenda, si lazima, tungeondoa hadithi mbili tukabakiza moja, ile baba anayoikumbuka vizuri zaidi. Nikamwambia nazikumbuka zote. Sawa, baba.

Mwanangu tangu asubuhi anapanga vifaa vyake kwenye mfuko. Mkasi ukaingia. Nyundo ikaingia. Nikamtania, anaenda kuoa mke wa pili? Hata meno hakuonyesha. Akasema tu, mzee, mimi nina mke na mtoto anakuja, siwezi kulisha watu hadithi. Nikajifanya natafuta sindano chini ya meza. Nilikaa huko kitambo.

Na huko huko chini ya meza, wazo! Tatizo ni nini? Wakala hafanani na mimi. Basi mimi nifanane na Wakala! Nani mwingine mtaani angewaza hivyo?

Nimejaribu jioni. Bandeji kwenye gumba, bandeji kwenye shahada, bandeji kwenye kidole kidogo. Dawa ya viatu kichwani, mvi kwisha. Miwani ya marehemu shemeji. Koti jeupe nimeazima kwa muuza nyama, nimelifua mara mbili. Wale watatu wote nimewavaa kwa mpigo. Kufunga vifungo tu ndiyo ilikuwa kazi.

Ijumaa, 8 Mei

Saa nne kamili. Matroni, mwanamke mpana, saa kaibandika kifuani. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Akauliza mgonjwa ndiye huyu?

Nikamkaribisha kwa sauti ya msomi. Kwa miwani ya shemeji nilikuwa naona Matroni wawili, nikamsalimia yule asiyekuwepo. Jua la mlangoni likapiga kichwani, dawa ya viatu ikaanza safari. Ikafika kwenye nyusi.

Akataka nishone kona ya mto mbele yake. Kona moja tu! Nimeshona kona kwa miaka arobaini, hata usingizini. Sindano ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Mara ya tatu nikafanikiwa, nikashona mto na mkono wa koti vikawa kitu kimoja. Nikasimama, mto ukasimama na mimi.

Matroni akasema kidonda cha chui cha miaka thelathini hakiwezi kuwa bado na bandeji. Akanishika mkono, akazifungua bandeji kwa kasi ya mtu aliyezoea. Gumba likatoka, zima. Shahada ikatoka, nzima. Mwanangu akageuza uso, akatazama ng'ambo ya barabara. Nikaona mkono wake umeshika mfuko wa vifaa.

Ndipo mkwe akaongea. Hakunitazama. Aligeukia ukuta, akaanza kuuambia ukuta. Kwamba anaomba radhi kwa baba mkwe wake, hajawahi kumpinga na hapendi kumpinga. Kwamba kidole ni kimoja, tena ncha tu, na kilichokikata ni kiti cha kukunja. Mama mkwe alimweleza wiki ya kwanza ya ndoa. Kwamba Wakala hana kosa, amesema alichoambiwa, na aliyeandika ni yeye mwenyewe, akijua, maana alishindwa kumwambia mzee wake hapana. Kisha akauambia ukuta kwamba kochi analoliegemea Matroni limekaliwa na mtaa mzima kwa miaka kumi na mbili, na halijalegea uzi.

Matroni akaligeukia kochi. Akalibonyeza. Akakaa. Akajirusha kidogo. Akanyoosha miguu, akafumba macho, tukadhani kalala. Akasema hajakaa tangu saa kumi na moja alfajiri. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka saa ya kifuani ikaruka. Kiti cha kukunja!

Kazi katupatia! Lakini kwa sharti. Akasema mama mjamzito akiuliza kitu kimoja akapewa majibu matatu, presha inapanda, na yeye hataki mtu anayefanya kazi na kliniki yake awe na ndimi tatu. Ukurasa mmoja. Sura moja, rangi moja, siku zile zile, kila mahali. Aandike mkwe. Mzee ashone.

Mwanangu katoa mkasi mfukoni, kaurudisha ukutani kwenye msumari wake. Nikafuta macho. Dawa ya viatu inawasha sana.

Jumamosi, 9 Mei

Ukurasa umewekwa. Picha yangu na mvi zangu, fulana yangu ya kahawia. Maneno: fundi mzee wa makochi, anashona imara, makochi ishirini siku ishirini na tano, kidole kimoja kifupi kidogo. Basi! Kila mahali vile vile. Na wateja wapya wawili wameuliza, wameridhika.

Mkwe kaniomba nisiguse. Nimeapa mbele ya mwanangu kwamba sitabadilisha hata herufi.

Jumapili, 10 Mei

Moyo hautulii. Fundi mzee! Anashona imara! Hata kaburini wataniandikia zaidi ya hapo. Nikifa leo, hakuna atakayejua nilikuwa nani. Na Kipara kaupita mlango wangu, kanisalimia kwa upole. Upole! Kausoma ukurasa, ananihurumia.

Mwanangu na mkewe wamekwenda kanisani. Simu ya duka wameiacha kwenye chaji.

Nimeapa sitabadilisha herufi, na sijabadilisha. Mimi ni mtu wa neno langu. Nimemwongezea tu Wakala ndugu pacha. Mrefu, kaishi ughaibuni, masharubu mpaka masikioni, alishona viti vya meli tatu na zote bado zinaelea. Sasa mwenye kutaka fundi mtulivu anamwuliza yule, mwenye kutaka mazungumzo anamwuliza huyu. Mkwe akirudi atafurahi mwenyewe.

Matroni keshaandika. Anauliza kama huyo pacha naye atashiriki kushona. Wakala kamjibu ndiyo, na kwamba kesho saa nne atapita kliniki kujitambulisha.

Natafuta masharubu.