Siku ya Sita ya Pagume

Jumapili, Nehase 26

Kikao cha wasomaji nyumbani kwa Gashe Zerihun. Mvua, matope, viatu vipya vimeharibika. Lakini si viatu vinavyoniuma.

Gashe, kama tunavyowaita wakubwa wetu kwa heshima, alikuwa hakimu, na hata baada ya kustaafu anatusikiliza kama washtakiwa. Leo aliuliza kila mtu amefikia wapi, kwa kuwa mwaka unakwisha. Yared aliahidi vitabu ishirini na tano, vyote vya vita, na ameshapita hapo. Fantaye aliahidi kumi na viwili. Kumi na viwili! Mtoto wa shule husoma zaidi ya hivyo akiwa na mafua. Amevimaliza. Alitangaza huku akitikisa kikaango, kwa sababu yeye ndiye mkaanga kahawa wetu mwaka huu mzima.

Hiyo ni sheria. Asiyetimiza ahadi yake ya vitabu anakalia kigoda mwaka unaofuata. Kila kikao aoshe buni, akaange, atwange, amimine mara tatu, akusanye vikombe. Mtu mwenye moshi machoni na vikombe mkononi hapati nafasi ya kutoa maoni. Mwaka jana Fantaye aliahidi thelathini akaishia kumi na tisa. Sheria niliitunga mimi. Kusema kweli nilimtungia yeye, maana anacheka sana na anapenda vitabu vya kulia.

Mimi niliahidi arobaini. Niliahidi nimesimama. Wengine wote walikuwa wameketi.

Nilisema nimefika thelathini na tano, na nusu kadhaa. Gashe akaamua kwamba nusu mbili za vitabu viwili haziungwi zikawa kitabu kimoja. Fantaye alicheka mpaka buni zikaanza kuungua. Akaniambia, "Shoga, karibu kigodani, nimekupashia joto."

Ukweli, kwa shajara tu: thelathini na moja, na Gashe atahesabu vilivyotangazwa kwenye kundi la simu pekee. Na kimoja ni cha mapishi.

Yared naye akataka hesabu ifungwe mwisho wa Nehase, mwezi wa kumi na mbili, yaani Alhamisi hii! Eti Pagume si mwezi, ni mkia wa mwaka, siku chache ambazo hata mishahara hailipwi. Nikasimama tena. Nikasema mwezi wa kumi na tatu ni mwezi, hata ukiwa mfupi kuliko wiki. Nikauliza kama aliyezaliwa Pagume hakuzaliwa. Gashe alizaliwa Pagume. Nilikuwa nalijua hilo. Alikohoa, akaweka miwani sawa, akaamua tufunge Mwaka Mpya ukiingia.

Ushindi! Simu yangu inasema Mwaka Mpya ni Septemba 12. Niliweka ukumbusho huo mwaka jana, siku yenyewe, ujirudie kila mwaka. Kwa hiyo Pagume inanipa siku sita nzima. Vitabu tisa. Akili kama yangu inahitaji nini zaidi?

Jumanne, Nehase 28

Mbinu ya kwanza: wembamba.

Nilienda kwa muuza vitabu vikuukuu. Akaniuliza natafuta vya mambo gani. Nikamwambia vyembamba. Alinitazama kama mtu anayeulizwa bei ya mwanawe. Nimerudi na ufugaji wa nyuki, maisha ya mtakatifu mmoja, utengenezaji wa redio, na mashairi. Mashairi ni mazuri sana: nusu ya ukurasa haina kitu.

Ukimaliza kitabu unakitangaza kwenye kundi letu la simu, na mwenzako mmoja anauliza swali. Nikatangaza nyuki. Fantaye akauliza nyuki dume hufanya kazi gani mzingani. Nikaandika kwamba mwandishi ameliacha swali hilo wazi ili msomaji ajitafakari.

Kumbe baba yake ana mizinga huko Gojjam! Akaandika kwamba swali hilo halijawahi kuwa wazi tangu dunia iumbwe, na kwamba dume la nyuki hula, hulala na kujisifu, kama watu fulani. Yared akatuma nyuso za kucheka, safu nzima. Gashe akaamua kitabu kihesabiwe, "kwa aibu."

Kimehesabiwa. Aibu haina safu yake katika hesabu.

Alhamisi, Nehase 30

Mtakatifu tayari. Mashairi tayari, niliyasoma nikisubiri foleni ya benki, na foleni haikuwa ndefu.

Jioni Fantaye akaja nyumbani kwetu bila taarifa. Ameniletea riwaya. Nene kama tofali! Kwenye jalada kuna mwanamke analia chini ya mwavuli. Akasema nisome kwa raha zangu, hata nisiihesabu. Nisiihesabu! Mtu anampa mwenzake kurasa mia nne zikiwa zimebaki siku chache, halafu anasema ni kwa raha. Mtego ulio wazi kabisa.

Alikaa na Mama wakinywa kahawa. Wakacheka saa nzima. Mimi na Mama hatujawahi kucheka saa nzima kwa lolote.

Riwaya nimeitupa chini ya kitanda.

Jumamosi, Pagume 2

Vyembamba vimekwisha, isipokuwa redio. Nimekopa vitatu kwa jirani: kimoja cha kanuni za barabarani, kimoja cha kulea kuku, kimoja cha kushona. Yared ameuliza maana ya mstari wa njano usiokatika. Nilijibu sawasawa! Hakuna aliyenipongeza.

Leo alasiri nikaitoa riwaya ya Fantaye, nia yangu ikiwa moja tu, kukusanya makosa yake ili siku ya Mwaka Mpya niichane mbele ya watu. Nikaandaa kalamu. Ukurasa wa tatu, kosa la herufi. Ukurasa wa tisa, mvua inanyesha mwezi ambao hainyeshi. Vizuri sana.

Kumbe si ya mapenzi. Ni dada wawili waliogombania birika la kahawa la marehemu mama yao, wakanyamaziana miaka ishirini. Wanaishi mtaa mmoja. Kila mmoja anajua mwenzake yuko hai kwa harufu ya buni zake.

Kosa la tatu sikulipata. Nilipokumbuka kalamu, nilikuwa ukurasa wa mia na kumi. Mama anasema aliniita kula mara tatu. Simwamini.

Jumapili, Pagume 3

Siku ya Rufaeli. Mvua ya leo ina baraka, kwa hiyo mtaa mzima uko nje unalowa kwa furaha, wazee kwa watoto. Mama akaja kunitoa. Nikasema nasoma. Akasema malaika hangoji mtu amalize ukurasa, akanivuta mkono.

Sikukiacha kitabu. Dada mkubwa alikuwa ameanza kuumwa! Nikakificha ndani ya shuka, kifuani. Mvua ikanibariki mimi, ikabariki shuka, ikabariki na sura ya mwisho. Kurasa zimegandana kama mikate ya injera iliyopangwa ikiwa moto.

Mama alipoona akasema basi kimebatizwa, tukipe jina.

Nimekianika juu ya kaango la injera baada ya yeye kumaliza kuoka. Kurasa za mwisho sasa zina rangi ya chai na harufu ya unga uliochacha. Kitabu ni cha Fantaye. Nitamwambia alinipa hivyo hivyo.

Jumanne, Pagume 5

Redio imekwisha. Thelathini na nane. Nimeongeza kijitabu cha dawa ya mbu kilichokuja pamoja na dawa ya mbu. Kina jalada. Thelathini na tisa!

Imebaki sura ya mwisho ya riwaya, na arobaini imetimia. Kurasa zimekauka, zinaachana moja moja ukizibembeleza. Ningeweza kuimaliza sasa hivi. Lakini sitaki. Jambo la ajabu. Dada mkubwa ametoka kitandani, amevuka mtaa, yupo mbele ya mlango wa mdogo wake, na mimi nataka asimame pale kidogo zaidi. Kesho nina siku nzima. Nitaisoma asubuhi, peke yangu, taratibu.

Nimeandika hapa ili ijulikane kwamba hii ni mbinu, si udhaifu.

Fantaye ameniuliza kwenye simu nimefikia wapi. Nikamjibu kwamba wasomaji wakubwa hawakimbizwi. Akaandika: "Haya mama. Ila jua linazama." Wivu mtupu.

Huko nje majirani wamewasha mienge na kuimba. Watu hawana subira, kila mwaka wanaanza mapema zaidi. Mimi natazama ushahidi. Kuku wa sikukuu bado yuko hai, amefungwa kwenye mguu wa meza ya jikoni, ananitazama. Kama Mwaka Mpya ungekuwa kesho, saa hizi angekuwa sufuriani. Tena simu haijalia.

Jumatano, Pagume 6

Tarehe hiyo hapo juu naiacha kama ilivyo. Niliiandika kwa moyo safi.

Asubuhi nilijitayarisha vizuri. Kikombe, mto mgongoni, dirisha wazi. Nikasoma kurasa mbili. Dada mkubwa akainua mkono agonge.

Mlango wetu ukagongwa.

Wasichana wadogo, magauni mapya, maua ya njano mikononi, wanaimba nyimbo za Mwaka Mpya. Nikawaambia wamekosea siku, warudi kesho. Kiongozi wao, ambaye hana hata meno ya mbele, akaniuliza kwa upole kama mimi ni mgonjwa.

Mama akatoka akawapa mkate. Nikamwuliza mbona kuku yuko hai. Akasema leo ni Jumatano, siku ya mfungo, nyama ni kesho, na mtu gani hajui? Nikamwuliza siku ya sita ya Pagume iko wapi. Akasema siku ya sita huja mara moja katika miaka minne, nayo ilikuja mwaka jana, mwaka wa mwinjili Luka. Huu uliokwisha ni wa Yohana, Pagume yake ina siku tano, na leo ni Meskerem mosi, Mwaka Mpya. Kisha akanitazama kwa huruma ya kweli. "Meazaye, mwanangu, hivi mwaka mzima ulikuwa unasoma vitabu gani?"

Nilikimbia mpaka kwa Gashe na kitabu mkononi. Majani mabichi yametandazwa sakafuni, ubani unafuka, wote wamevaa nyeupe. Kigoda kipo katikati, hakina mtu. Nikatoa utetezi wangu. Nikaonyesha simu. Gashe akaitazama mbele na nyuma, akasema mahakama haimtambui shahidi huyo.

Hapo Fantaye akaingilia. Akamwomba Gashe anisamehe, ni Mwaka Mpya, na kitabu chenyewe ni kinene. Kumbe alitaka kunionea huruma mbele ya Yared! Gashe akafikiri. Akaamua kwamba nikijibu swali moja la Fantaye kuhusu riwaya, kitahesabiwa, na kwa kuwa hapo hakuna atakayekuwa ameshindwa, kigoda kitabaki kwake Fantaye. Fantaye akasema sawa. Akauliza taratibu, kama anayemnong'oneza mtoto jibu: je, mwishoni dada mkubwa aligonga mlango?

Ningeweza kusema sijafika.

Nikasema aligonga. Nikaongeza kwamba aligonga mara tatu, na kwamba mara hizo tatu ni ishara ya yaliyopita, yaliyopo na yajayo. Nilisema kwa dakika nyingi. Nilisema vizuri.

Fantaye akainamisha kichwa. Akasema hakugonga. Kabla mkono haujagusa mlango, mdogo alishafungua. Alikuwa nyuma ya mlango siku zote.

Yared alicheka mpaka akamwaga bisi. Gashe akanionyesha kigoda kwa kidole kimoja, kama zamani alivyowaonyesha watu njia ya gerezani.

Buni za kwanza niliziunguza. Nikamimina abol, raundi ya kwanza, nikamimina tona, ya pili. Walizungumza juu ya riwaya ile ile, na Yared alisema upuuzi mtupu juu ya lile birika, upuuzi ambao ningeuvunja kwa sentensi mbili, lakini makaa yalikuwa yanazimika na ilibidi nipulize. Kwenye bereka, raundi ya tatu, ya baraka, Fantaye akanipokea kikombe akaniambia chini chini, "Si ungesema tu hujafika, dada? Nilikuwa nimekufungulia."

Sijui alikuwa na maana gani. Pengine anazungumzia mlango wa ua. Ulikuwa wazi kweli.

Alhamisi, Meskerem 2

Kuku ameliwa. Alikuwa mgumu. Nilimtafuna kwa kisasi.

Nimetafakari sana, na chanzo cha yote nimekiona: ahadi ya arobaini ilikuwa ndogo mno, haikunitisha vya kutosha. Mwaka huu ni sitini. Nimeitangaza kwenye kundi. Fantaye ameahidi kumi na vitatu, kimoja cha Pagume. Yared ameuliza kama sitini hiyo ni vitabu au vikombe.

Nimependekeza pia sheria mpya, kwamba mkaanga kahawa aruhusiwe kutoa maoni kwenye raundi ya tatu. Gashe amejibu kwamba sheria ilitungwa na mtu mwenye akili sana na hataki kuiharibu.

Sura ya mwisho ya riwaya sijaisoma. Mwisho nimeshaujua, kuusoma sasa ni kupoteza muda. Nimemrudishia Fantaye kitabu chake. Alikinusa, kisha akanitazama. Njiani nimepita kwa muuza vitabu vikuukuu. Aliponiona tu akaanza kunichambulia vyembamba.

Na simu nimeirekebisha. Mwaka Mpya: Septemba 11. Mama alichungulia begani mwangu akasema baada ya miaka mitatu itanidanganya tena, safari hiyo kwa upande wa pili. Mama hajui mambo ya simu. Ilipouliza ukumbusho ujirudie mpaka lini, nimebonyeza: milele.