Ukurasa wa Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Juni 2006. Makambako.

Baridi ya kukata masikio, lakini nina moto! Jumapili tunachagua mzee wa kanisa wa mtaa wetu wa Mahongole. Tuko wawili: mimi, na Elius mwenye mashine ya kusaga. Elius ameanza kuwasagia akina mama mahindi bure. Rushwa mchana kweupe!

Mimi nina silaha ya kisasa. Kwenye kafe ya intaneti ya Hamisa kuna kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandikia. Maaskofu wamo. Mashehe wamo. Nimetafuta mwanamke wa dini wa huku kwetu, sijaona hata mmoja! Nitamweka mama mkwe. Alifundisha watoto wa ubatizo miaka thelathini na mmoja, kwa miguu, mvua na umande. Sasa yuko Njombe, mtaa wa Ramadhani, kifua kinamsumbua, na hajaandikwa popote. Inaniuma kweli. Isitoshe, akina mama ndio wapiga kura wengi.

Jumanne, 6 Juni

Saa tatu nzima, kwa kidole kimoja. Kichwa cha ukurasa: "Mama Tarsis", maana Tarsis ndiye mwanawe wa kwanza. Aya moja yake. Aya nne zangu, kwani nani anaandika?

Sijafunga hata vifungo vya koti, ukurasa umefutwa! Msimamizi mmoja, sijui yuko pembe gani ya dunia, anauliza mambo mawili: huyu mama anaitwa nani, na ushahidi ulioandikwa uko wapi. Hamisa akasema hata yeye angenifuta. Eti yeye alimweka Bi Salha aliyemfundisha Kurani, na hakuguswa. Kujidai tu!

Lakini kweli, anaitwa nani? Miaka ishirini na miwili namwita Mama. Kwetu mkwe hatajwi jina, na kumuuliza ni aibu kubwa zaidi.

Jumatano, 7 Juni

Ofisi ya usharika. Nimepekua vitabu vya ubatizo tangu 1958. Kila mwaka, chini ya majina ya watoto: "Wamefundishwa na mke wa Mwinjilisti." Mke wa Mwinjilisti, mke wa Mwinjilisti, mpaka mwisho! Nimekasirika, nusura nipige meza. Karani akaniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe nalijua jina lake. Nikakumbuka nina haraka.

Alhamisi, 8 Juni

Njombe. Mpango safi kabisa: kilo mbili za sukari na daftari. Nikamwambia Mama sukari imetoka usharikani, na anayepokea lazima aandike jina lake. Alikaa upande wa pili wa mlango, kama heshima inavyotaka, akachukua kalamu, akaandika polepole, herufi nzuri za mwalimu: Mama Tarsis.

Sukari imekwenda!

Akaniuliza, huku akikohoa, kama watoto wa Mahongole bado wanazijua Amri Kumi kwa moyo. Nikasema wanazijua. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 10 Juni

Mke wangu kauliza sukari iko wapi. Nikakiri yote. Idda alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akavuta sanduku mvunguni, akatoa gazeti la kanisa la mwaka 1971: picha ya mama yake na watoto wa ubatizo, na chini yake, Anyisile Mtewele. Jina na ushahidi, vyote chini ya kitanda ninacholalia! Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kuwa sikumuuliza.

Tukaenda wote kwa Hamisa. Idda alitaja, mimi nikabonyeza. Aya zangu nne alizikata zote. Ukurasa umesimama.

Jumapili, 11 Juni

Mama amekuja, kajifunika blanketi. Mchungaji akasoma ukurasa. Alipotaja Anyisile Mtewele, watu wakageuka kutafuta ni nani. Mama akasimama, akishika benchi la mbele. Akasema tangu mama yake afariki, hakuna aliyemwita hivyo. Vigelegele! Mimi nililia waziwazi, kamasi na yote.

Mchungaji akamshukuru Idda kwa kulitunza gazeti. Ndipo akina mama wakapendekeza jina la tatu. Elius kura 19. Mimi 6. Idda 112.

Jumatatu, 12 Juni

Idda yuko kwenye kikao cha wazee. Nimejipikia uji, umeungua. Nimetafakari sana, na kosa nimelipata: nilimwandika mtu asiye sahihi.

Nimetoka kwa Hamisa sasa hivi. Ukurasa mpya: "Hilari, Mtetezi wa Wanawake wa Dini". Aya tisa! Safari hii hawanifuti ng'o: jina lipo, na ushahidi ni hii shajara. Familia nimeiweka mwishoni kabisa, kwa kifupi, isije ikawachosha wasomaji: "Ana mke na watoto wanne."