Vikorokoro vya Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Habari kubwa! Baba mkwe anafunga karakana yake ya redio. Jumapili anatimiza miaka sabini na amesema mikono imechoka. Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, mlango mpana, soketi sita, atampa mmoja wa wakwe zake. Na wakwe tuko wawili tu: mimi na mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake mke wangu.

Chumba hicho ni changu. Mungu mwenyewe anajua. Mimi napiga fotokopi na picha za pasipoti chini ya ngazi za jengo la ofisi, mahali ambapo mteja mrefu huingia ameinama kama anayekuja kuomba msamaha. Mwanyumba anatengeneza kompyuta za watu, ana kiyoyozi, ana kiti kinachozunguka. Chumba cha nini? Eti anataka kuwafundisha watoto wa mtaa wake kuunda roboti. Roboti! Watoto wenyewe hawajui hata kufunga kamba za viatu.

Mke wangu amenishauri nimpelekee mzee zawadi nzuri. Nikasema shati. Akanicheka. Kasema baba yake ana mashati tangu kabla hatujaoana na bado yamo kwenye nailoni. Anachopenda ni vikorokoro vya kuchezesha akili. Ni kweli. Mzee mzima, mvi hadi masikioni, anakaa kibarazani akizungusha mchemraba wa rangi rangi. Mezani kwake kuna vyuma vilivyofungana. Unahangaika kuvifungua. Ukishavifungua, unavifunga tena. Faida yake? Hakuna. Hiyo ni kazi ya jela.

Lakini kwa ajili ya soketi sita, nitanyenyekea.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda duka la vikorokoro. Sikujua kama mji huu una watu wengi hivi waliokosa la kufanya. Mwanamume mwenye ndevu kamili alikuwa amepiga magoti sakafuni akifukuzana na kigari kinachoongozwa kwa simu. Mkewe kasimama pembeni na mfuko wa vitunguu, uso umemshuka. Nilimhurumia.

Muuzaji ni dada mwembamba, miwani minene kama kitako cha chupa, fulana imeandikwa hesabu. Hesabu! Hata kifuani hawapumziki. Akanionyesha saa inayokwenda kinyumenyume. (Ninayo nyumbani, iliharibika yenyewe.) Akanionyesha kikombe kinachotoa picha ya nyota ukimimina chai ya moto. Akanionyesha kufuli lisilo na tundu la ufunguo. Nikamuuliza kama mtu anayenunua kufuli asiloweza kulifungua ana akili timamu. Akajibu kwa fahari kwamba yeye anayo matatu.

Nimechukua tufe la mbao. Vipande arobaini na nane, vinashikana vyenyewe bila msumari wala gundi. Mpango wangu: nitalipanga mwenyewe, nimkabidhi mzee likiwa kamili, halafu niseme kwa sauti ya chini, "Baba, lilinichukua kama nusu saa hivi." Mwanyumba afe kwa kijiba cha roho. Dada wa miwani alinionya nisitumie nguvu, nitumie subira. Nikamwambia huu ni mwaka wa tisa nakaa na mashine inayomeza karatasi, asinifundishe subira.

Jumatano, 11 Juni

Shetani ndiye aliyelichonga tufe hili.

Nilianza saa tatu asubuhi, kwangu chini ya ngazi, kando ya mashine ya fotokopi. Wateja wakapanga foleni na kila mmoja akawa mjuzi. Karani wa ghorofa ya pili akasema geuza hicho. Mama aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akasema kipande kile cheusi ndicho cha kuanzia. Nikamwambia akae wima atazame kamera. Kufika saa nane mchana nimeingiza vipande arobaini na vitano. Vitatu vimebaki na hakuna pa kuviweka. Tufe lina tundu kama papai lililoonjwa na popo.

Nikatulia. Ndipo akili ikanijia, akili ya kweli, si ya hawa wenye miwani. Gundi ya viatu! Fundi viatu wa jirani akaniazima kopo. Nikavikata vile vitatu kwa msumeno, nikavishindilia kwenye tundu, nikamimina gundi kila palipokuwa na upenyo, nikapiga msasa. Sasa limesimama imara kuliko alivyokusudia aliyelichonga. Linanuka kidogo. Nitalipulizia manukato ya mke wangu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa mwanyumba kupeleleza. Nikajidai nimepita tu kuwajulia hali. Shemeji akaenda jikoni kuchemsha chai. Mwanyumba alikuwa anaoga. Mezani, kitu kimefunikwa kitambaa. Nikapenyeza mkono, funguo zangu zikiwa kiganjani.

Paa! Funguo zikanyakuliwa, vidole vikabaki katikati. Sumaku! Nikavuta, kitambaa kikaanguka. Kumbe ni kisanduku cheusi, na juu yake mpira wa dunia ulikuwa ukielea hewani, bila uzi, bila kijiti. Nasema ulikuwa, kwa sababu wakati huo umeshadondoka, unabiringika hadi miguuni kwa mwanyumba, aliyetokea na taulo begani.

Hakukasirika. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya kuliko zote. Akanasua vidole vyangu taratibu, akaurudisha mpira hewani, akanieleza kwa dakika ishirini jinsi alivyozisuka nyaya kwa mkono wake. Sikuelewa neno. Nilichoelewa ni kwamba mzee atalia kwa furaha, na soketi sita ndio zimekwenda.

Nikiwa namalizia chai, mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, kumbe hujaambiwa? Moyo wa baba si mzuri. Daktari amekataza kabisa sumaku karibu yake. Mimi mwenyewe nimeambiwa kwa siri. Mwanyumba akabadilika sura. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kama ndugu.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 13 Juni

Yule mpumbavu amempigia mzee simu kumpa pole!

Watu wenye akili nyingi hawana akili hata kidogo. Mzee akauliza, moyo upi? Mwanyumba badala ya kukata simu akagugumiza: basi baba, tuyaache, usije ukashtuka. Ikawa imekwisha. Mzee akaamini kwamba anakufa na kila mtu anajua isipokuwa yeye. Akaweka bisibisi chini, akapanda kitandani, akageukia ukutani. Mama mkwe akampigia mke wangu akilia: "Mwanangu, hata mimi mnanificha?" Mke wangu akaniuliza nani ameleta maneno haya. Nikasema dunia imeharibika, watu wanazusha.

Jioni tukaenda kumwona. Kajifunika shuka hadi kidevuni, anaagiza nani apewe redio ipi. Akanishika mkono. Akasema mwanangu, nimekuonea miaka yote hii, nilikuona mvivu na mwongo. Nikasema hapana, baba. Machozi yakanilenga, kweli kabisa. Kisha nikakumbuka kumuuliza kama ameandika popote kuhusu kile chumba.

Mke wangu alinikanyaga. Nachechemea mpaka sasa.

Jumamosi, 14 Juni

Mwanyumba amempeleka mzee hospitali. Nami nikafuata, ili nisionekane sikufuata. Wamempima kila kinachopimika. Wamemkimbiza juu ya mkanda wa mashine hadi akaanza kuuliza mota yake ni ya nguvu gani. Daktari akatoka akicheka. Kasema moyo huo ni wa kijana, mzee akiendelea hivi atatuzika sote.

Furaha! Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema Mungu mkubwa. Halafu mama mkwe akauliza, sasa nani alizusha? Mwanyumba akanitazama. Nikatazama dari. Akasema ni yeye, labda alisikia vibaya mahali.

Umeona ujanja huo? Kanifichia siri ili aonekane mwema mbele yangu peke yangu. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Jumapili, 15 Juni

Siku ya kuzaliwa. Kibaraza kimejaa hadi ngazini.

Mwanyumba akaanza na dunia yake inayoelea. Mzee akapiga ukelele. Akapitisha karatasi chini ya mpira, akapitisha mkono juu yake, akazunguka meza mara tatu akitafuta uzi. Miaka sabini!

Zamu yangu ikafika. Nikasema maneno yangu ya nusu saa, kwa sauti ya chini kama nilivyopanga. Mzee akaligeuza tufe. Akalibonyeza. Akalinusa. "Mwanangu, mbona hili linanuka kiatu?" Nikasema ndivyo mti wake unavyonuka, ni mti wa mbali. Akatoa bisibisi mfukoni (siku yake ya kuzaliwa, na bado ana bisibisi mfukoni!), akatekenya kidogo, uzi wa gundi ukatoka mrefu kama tambi. Watoto wakaanza kucheka. Mzee akasema taratibu kwamba maisha yake yote ameona watu wakishindwa fumbo, lakini hajapata kuona mtu aliyelifanya fumbo kuwa jiwe. Mama mkwe akapaliwa na soda. Mke wangu, ubavu wangu mwenyewe, alicheka kuliko wote.

Kisha mzee akasimama. Akasema alidhani amechoka, kumbe daktari amempa miaka. Karakana haifungwi! Jumamosi mwanyumba atakuja na watoto wake wa roboti, kona ipo. Na kwa kuwa mwezi uliopita mwanyumba alimletea mashine mbovu ya fotokopi wakaifufua pamoja, kuanzia kesho yeye mzee atapiga fotokopi pia. Na picha za pasipoti. Akanigeukia kwa upole, akaniambia nisijali, watu ni wengi, riziki haigombewi.

Nilikula keki. Haikuwa na ladha.

Jumatatu, 16 Juni

Karani wa ghorofa ya pili hakuja leo. Nasikia foleni ya kwa mzee imefika barabarani. Eti anawapa wateja mchemraba wa rangi wazungushe wakati wanasubiri, na wengine wakishahudumiwa hawataki kuondoka. Mji wa wapuuzi. Mimi kutwa nzima nimepata mtu mmoja, ameinama mlangoni, ananiuliza njia ya kwenda kwa mzee.

Hata hivyo nimekaa, nimeyatafakari kwa kina yote yaliyotokea, na nimeliona kosa langu. Ni moja tu. Moyo! Moyo unapimika. Nilitakiwa kuchagua kitu ambacho hakuna mashine ya hospitali inayoweza kukipima.

Ule mwanga wa mashine ya fotokopi, kwa mfano. Wanasema unafuta kumbukumbu za wazee, kidogo kidogo. Hakuna aliyesema hivyo bado. Kesho saa nne nitapita kwa mwanyumba kunywa chai.