Mtambo wa Uani Mafiga

Jamani, leo mwenzenu nimepatikana, na mtaa mzima wa Mafiga unajua.

Nafundisha uhandisi wa kemikali chuoni (ndiyo, mimi yule mwenye mdomo). Neema, mwanafunzi ninayemsimamia, alikuwa awasilishe mradi wake wa mwisho leo mchana: kutoa mafuta kwenye mchaichai wa Mgeta kwa mvuke. Asubuhi umeme maabara hakuna. Nikajitia huruma: "Njoo kwangu, tutatumia kuni."

Tukafunga mtambo uani. Sufuria kubwa, mfuniko umezibwa kwa unga wa ngano, bomba la shaba linapita kwenye ndoo ya maji. Moshi unafuka. Mmeshaona nilipokosea? Mimi sikuona!

Kichupa cha kukingia mafuta kilipoanza kujaa, furaha ikanizidi. Nikampigia simu mwenzangu wa idarani, sauti juu: "Mtambo umekubali! Unatoa! Njoo haraka!"

Mama Zuhura wa jirani akaacha kufua, akatoka mbio. Mara hodi. Mwenyekiti wa mtaa, mgambo wawili, na watu kibao nyuma yao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu mzima, unapika pombe ya gongo?"

"Si gongo, mzee! Huyu mwanafunzi wangu!"

Akamgeukia Neema. "Binti, sema kweli. Huyu nani kwako?"

Neema akajibu. "Ndiye aliyenifundisha kupika."

(Kupika! Maneno yote ya Kiswahili, akachagua hilo!)

Mgambo mmoja akanusa kichupa. "Mzee, mbona mchaichai?"

"Wanautia kuua harufu. Mwaga."

Neema akaangua kilio. Hapo nikapandwa na hasira, nikampokonya mgambo kichupa. "Kama ni gongo, nitalewa mbele yenu!" Nikagida chote. Wee! Koo likawaka moto. Machozi, kikohozi, nikayumba, nikajikwaa kwenye kuni, nikaangukia ndoo. Maji yote yakamwagikia moto, ukazimika.

"Kalewaaa!" umati ukashangilia.

Mwenyekiti akaninusa mdomo, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Chai tupu! Tusamehe, mwalimu." Wakaondoka. Nikamgeukia Neema kwa maringo. Yeye alikuwa anakitazama kichupa. Kikavu.

Mchana, mbele ya jopo, profesa akauliza sampuli iko wapi. Neema akaninyooshea kidole.

"Anayo msimamizi wangu. Tumboni."

Nikataka kujieleza, nikafungua mdomo, nikacheua. Ukumbi mzima ukanukia mchaichai.

Kwa harufu hiyo tu, Neema amefaulu. Naombeni msinicheke, bado nacheua.