Mizizi ya Mbigili

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Mvua imeleta mbigili. Zimetambaa kwenye nyasi za mbele ya nyumba, kutoka mlangoni hadi langoni, na miiba yake inatoboa hata kandambili. Nina miaka themanini na minne. Daktari alisema moyo umechoka, nisishike jembe. Nilishika. Niling'oa mbigili tatu, nikakaa chini, nikashindwa kuinuka. Nzioka, aliyekuwa naibu wangu shuleni, alinikuta hapo. Aliniinua, kisha akauliza kama siku ya kunizika watu waje na viatu vya gambuti. Atarudia maneno hayo mbele ya jeneza langu. Namjua. Lazima mbigili zitoke kabla yangu.

Jumanne, 25 Novemba

Wayua alipita. Ni jirani, mjane, na nilimfundisha darasa la nne. Alilalamika kuhusu magoti. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba mizizi ya mbigili ikichemshwa hutuliza magoti. Nilifundisha sayansi miaka thelathini na sita. Jambo hilo sijalisoma popote. Akauliza kama hata za barabarani zinafaa. Nikamwambia hapana, hizo zimevuta moshi wa malori.

Alhamisi, 27 Novemba

Akina mama tisa wa kanisa. Walikuja kimwethya, kama wanavyokwenda kuchimba matuta kwenye shamba la mwenzao: mstari mmoja, wimbo mmoja, majembe yakishuka pamoja. Kufikia saa sita hakukuwa na mbigili hata moja. Kisha wao ndio wakanishukuru mimi. Wayua aliniachia bakuli la muthokoi. Nzioka alisimama kwenye ua, akaangalia, akarudi kwake. Sijaona siku nzuri kama hii mwaka huu. Aibu ilikuja muthokoi ulipoisha.

Jumapili, 30 Novemba

Wakati wa ushuhuda Wayua alisimama. Magoti yamepona, alisema, hata ngazi za kanisa amepanda bila kushikwa. Halafu akasema kwamba dawa inayoponya magoti haiwezi kushindwa na presha, kwa hiyo tangu Ijumaa ameweka vidonge vya hospitali kabatini. Kanisa likapiga makofi. Pasta akaniomba nisalimie watu. Nilisimama nikiwa nimeamua kusema ukweli. Nyuso zile zote, nusu yao niliwafundisha kuandika majina yao. Nilisema Bwana asifiwe. Nikakaa.

Jumatatu, 1 Desemba

Wayua ameanguka karibu na tangi la maji. Mwanawe Jonah alimkimbiza zahanati. Presha ilikuwa juu sana, ila amerudi nyumbani. Nilikwenda na fimbo yangu, nikipumzika mara nne njiani, nikijifunza maneno: Wayua, nilikudanganya kwa ajili ya nyasi. Nilipoingia alijaribu kuinuka kitandani ili anipishe kiti. Aliniambia, "Mwalimu, nimekosea wapi? Labda nilichemsha vibaya?"

Nilikaa kwenye kiti hicho. Nilimwambia kwamba nilisahau jambo moja: mizizi hiyo haifanyi kazi bila vidonge vya hospitali, na anayeacha vidonge huidhuru mizizi. Akamtuma Jonah kabatini. Akameza nikiwa nimekaa pale pale. Akanishika mkono, akasema Mungu azidi kuniweka.

Uongo wa pili umetibu uongo wa kwanza. Sijui kama hiyo ni toba. Sidhani.

Jumanne, 2 Desemba

Kifua kizito leo. Kavindu, binti yangu, daftari hili litakuwa chini ya mto. Siku ya mazishi, kabla Nzioka hajapewa nafasi ya kuongea, lisomee kanisa zima. Usome Wayua akiwa ameketi mbele. Mwambie mwalimu wake hakuwa na ujasiri wa kumtazama machoni, na kwamba mbigili ni mbigili tu. Mwambie asiache vidonge. Nimeandika haya bila kufuta neno. Nimepata amani kidogo.

Jumatano, 3 Desemba

Nilitoka kuota jua na kuangalia nyasi zangu safi. Pale majembe yalipopita, pameota ndago. Ndago kila mahali, na ndago hukatika juu, ikabaki chini ikikucheka.

Nzioka alikuja kwenye ua. Hakutaja gambuti. Aliangalia nyuma kwanza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sikio lake la kushoto linavuma tangu Pasaka, na kwamba amesikia mimi huwa nina mambo ya mizizi.

Nilimuuliza kwanza kama kuna dawa yoyote ya hospitali anayotumia. Siku hizi niko makini. Alisema hakuna.

Basi anakuja kesho saa tatu, na jembe lake. Nimemwambia achimbe chini sana, kwenye vile vitunguu vya mizizi ya ndago, na asiache hata kimoja.

Kavindu, siku ya mazishi ukisoma, komea kwenye ukurasa wa jana.